Kazeeka au Anaumwa? Kweli na Uongo Kuhusu Akili za Wazee

Ukikaa Kilosa au Mikumi kidogo tu, kuna kauli hutaikosa: "Mwache, huo ni uzee." Husemwa babu anapopotea njia ya shamba alilolilima tangu ujana wake. Husemwa bibi anapouliza swali lilelile mara ya tano kabla chai haijachemka. Husemwa pia mzee anapoitikia "marahaba" kwa mtu aliyemuuliza bei ya ndizi. Hayo ni mambo matatu tofauti. La kwanza huenda ni ugonjwa wa ubongo, la pili huenda ni ugonjwa uleule au dawa aliyoanza kumeza wiki iliyopita, na la tatu ni masikio tu. Lakini yote hupachikwa jina moja, na yakishapachikwa jina hilo hakuna anayekwenda hospitali, maana uzee hauna dawa.

Nimezikusanya hapa kauli zinazosemwa zaidi, kuanzia vijiwe vya bao karibu na reli ya Kilosa hadi vibanda vya kahawa kando ya barabara kuu ya Mikumi, nikazipima moja moja. Nyingine ni uongo mtupu, nyingine zina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayozifanya zidumu.

"Akizeeka mtu, lazima akili zipotee."

Uongo.

Tanzania ina ushahidi wake kuhusu jambo hili, hatuna haja ya kuazima wa Ulaya. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa Uingereza walipita kijiji kwa kijiji wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliokuwa na demensia, yaani ugonjwa unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hadi mtu ashindwe kujiendesha, walikadiriwa kuwa 6.4 katika kila 100. Geuza hesabu hiyo upande wa pili: katika kila wazee 100 waliovuka miaka 70, zaidi ya 93 hawakuwa na ugonjwa huo. Ni kweli kwamba kadiri umri unavyopanda ndivyo hatari inavyoongezeka, na aliyefika 85 yumo hatarini kuliko wa 70. Lakini kitu kinachowakosa walio wengi hakiwezi kuitwa sehemu ya uzee.

Mfano wa wazi uliishi mbele ya macho yetu. Ali Hassan Mwinyi, Rais wa awamu ya pili, alizaliwa tarehe 8 Mei 1925. Siku alipotimiza miaka 96, tarehe 8 Mei 2021, ndipo kitabu cha maisha yake, Mzee Rukhsa, kilipozinduliwa. Alifariki dunia Februari 2024 akiwa na miaka 98. Atatokea wa kusema huyo alikuwa rais, alikula vizuri na alitibiwa vizuri. Sawa. Basi tukubaliane kwamba chakula na matibabu vina sehemu kubwa, na kwamba miaka peke yake si kitu kinachofuta akili.

Yapo mabadiliko ambayo ni ya uzee wenyewe, na yasimtishe mtu. Jina la jirani linachelewa kuja kisha linakuja saa moja baadaye. Miwani inatafutwa ikiwa kichwani. Kujifunza simu mpya kunachukua wiki badala ya jioni moja. Kinachopaswa kushtua ni kingine: mtu aliyepika ugali miaka 50 anasimama mbele ya sufuria hajui kinachotangulia ni maji au unga, fundi baiskeli anaishika spana asijue ni ya nini, mama anayejua kila kichochoro cha mji anatoka sokoni na kushindwa kufika nyumbani. Huyo hajasahau. Huyo anaumwa.

"Mbona anakumbuka mambo ya zamani? Akili yake nzima."

Uongo, na ndio unaochelewesha familia nyingi.

Mzee wa Kimamba anaweza kukusimulia enzi za mkonge bila kukosea: manamba walivyokuja kwa treni, posho ilivyopimwa, msimamizi aliitwa nani. Anakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, nani alihamishwa kutoka wapi na nyumba ya nani ilibomolewa. Watoto wanakaa chini wakishangaa. Kisha unamuuliza kama amekula asubuhi hii, naye anajibu kwamba hajapewa chakula tangu jana, wakati sahani yake bado ina makombo.

Hakuna uchawi hapo wala ukorofi. Sehemu ya ubongo inayoandika habari mpya ndiyo huanza kuharibika katika aina ya demensia iliyo maarufu kuliko zote, ile ya Alzheimer. Kumbukumbu za zamani zilishaandikwa kabla ugonjwa haujaja, kwa hiyo hubaki muda mrefu. Ukitaka kujua hali ya mzee wako, usimuulize habari za uhuru. Muulize kuhusu jana. Na wakwe waelewe hivyo pia, kwa sababu ndoa nyingi zimetikiswa na bibi aliyewaambia majirani kwamba mke wa mwanawe anamnyima chakula. Bibi hasemi uongo. Kwake yeye, chakula hicho hakikuliwa.

"Senile na senescent ni neno moja kwa sura mbili."

Uongo, ingawa mama yao ni mmoja.

Kauli hii utaisikia kwa waliosoma, hasa wanaopenda kunyunyiza Kiingereza wanapomsema mzee asiyekuwepo. Maneno yote mawili yametoka katika Kilatini senex, maana yake mzee, neno lilelile lililozaa seneti ya Warumi, ambayo asili yake ni baraza la wazee. Mpaka hapo ni ndugu. Lakini senescent ni chochote chenye uhai kilicho katika hatua ya kuzeeka: seli, jani, mbwa, mtu. Halina lawama ndani yake. Wataalamu wa mahindi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, nje kidogo ya mji wa Kilosa, wakiona majani ya chini yanakauka wakati punje zinajaa, hawasemi mmea umeugua. Mmea unahamisha chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye punje, na hiyo ni kazi yake.

Senile limepita njia nyingine. Katika karne ya 17 lilimaanisha "ya uzeeni" tu. Kufikia karne ya 19 lilikuwa limeshabeba maana ya udhaifu na kuharibika, na kutoka hapo likawa tusi. Ubaya ni kwamba mkanganyiko huo haukubaki katika mazungumzo. Uliingia hadi hospitalini. Mwaka 1901 daktari Alois Alzheimer alimpokea mjini Frankfurt mama mmoja, Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51, aliyekuwa akisahau hadi jina lake. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake na kuona uharibifu uliokuwa dhahiri kwenye darubini. Kwa sababu mgonjwa hakuwa mzee, jambo lile lilihesabiwa kuwa ugonjwa adimu wa watu wa makamo. Wazee waliokuwa na dalili zilezile waliendelea kuambiwa ni uzee. Hali iliendelea hivyo kwa takribani miaka 70, hadi mwaka 1976 daktari wa Marekani Robert Katzman alipoandika kwamba ni ugonjwa mmoja, uwe na miaka 51 au 81.

Kwa hiyo jirani yako anayesema "mwache, huo ni uzee" asionekane mjinga. Maprofesa wa Ulaya walisema hivyohivyo muda mrefu.

"Mzee asiyesoma huwezi kumpima akili."

Uongo, na jibu lake lilipatikana hapahapa nchini.

Zamani kauli hii ilikuwa na ukweli. Vipimo vilivyotoka ng'ambo vilimtaka mzee aandike sentensi, atamke herufi za neno kuanzia mwisho kuja mwanzo, achore maumbo kwa kalamu. Mpe karatasi hiyo bibi wa Kikaguru aliyelea watoto tisa, anayejua mwezi wa kupanda, mwezi wa kupalilia na deni la kila jirani, lakini hajawahi kushika kalamu. Atapata alama za mgonjwa, na kosa litakuwa la karatasi.

Timu ya utafiti wa Hai ikatengeneza kipimo kingine, kinachoitwa IDEA, chenye vipengele sita tu. Mzee huulizwa siku ya leo. Huulizwa jina la kiongozi wa kijiji chake. Huulizwa daraja ni nini. Husomewa orodha ya maneno kumi, mazungumzo yakaendelea, kisha akaombwa ayakumbuke. Huambiwa ataje wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja. Na badala ya kuchora, hupewa njiti za kiberiti, akaonyeshwa umbo la kuiga, naye akalipanga mezani. Kipengele hiki cha njiti kinanifurahisha kuliko vyote. Hakuna nyumba isiyo na kiberiti, na mkono usiozoea kalamu unakijua kijiti.

(Sijui kama kuna aliyefikiria kwamba mzee wa Mikumi, anayepishana na twiga, nyati na nyani kila akipanda basi la kwenda Morogoro, atakuwa na upendeleo katika kutaja wanyama. Wacha apendelewe.)

Tukiwa kwenye vipimo, neno moja kuhusu bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari anahesabu mitaji kadhaa mbele huku mwenzake akimpigia kelele. Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na kuandika kitabu kizima mwaka 1995 juu ya ukubwa wa kazi inayofanyika kichwani mwao. Hakuna anayeweza kuapa kwamba bao linazuia demensia. Lakini mke anayesema mumewe mstaafu "anapoteza muda tu" kijiweni, hapo mimi namtetea mzee: yuko na watu, anacheka, anahesabu. Na siku mchezaji huyo atakapoanza kushindwa kufuata kete alizozizoea, wenzake wa kijiweni ndio watakaojua kabla ya daktari yeyote.

"Akili ikishachanganyikiwa, hakuna la kufanya."

Nusu kweli, na nusu ya uongo ndiyo inayoua.

Kweli ni kwamba demensia ya Alzheimer haina tiba ya kuiondoa hadi leo. Zipo dawa zinazopunguza makali ya dalili kwa muda. Uongo ni kudhani kila mzee aliyechanganyikiwa ana ugonjwa huo. Mzee aliyekuwa mzima Jumapili, na Jumatano anaongea na watu wasioonekana, hana demensia; demensia haiji kwa siku tatu. Huyo ana dharura. Inaweza kuwa malaria, UTI, nimonia, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka au kupanda, au dawa mbili zilizogongana. Wazee wengi hupata UTI au nimonia bila homa ya maana, na dalili ya kwanza ikawa ni kuropoka. Familia inasema "babu kaanza kurudi utotoni" wakati babu anahitaji vipimo leo hii, si kesho.

Yapo na mengine yanayoiga demensia polepole: sonona baada ya kufiwa na mwenza, tezi ya shingo isiyofanya kazi, upungufu wa vitamini B12, pombe ya miaka mingi. Hayo yana dawa. Na yapo masikio na macho. Mzee asiyesikia hujibu kisichoulizwa, na baada ya muda huacha kabisa kujibu. Mwenye mtoto wa jicho hamtambui mjukuu wake mlangoni, wakati kumbukumbu yake ina kila kitu.

Kisha kuna presha. Katika wilaya ileile ya Hai, karibu wazee 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na zaidi walikutwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakujua. Presha isiyodhibitiwa huleta kiharusi, na viharusi vidogovidogo visivyoonekana huila akili taratibu. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba takribani asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kupunguzwa au kucheleweshwa: presha, kisukari, kutosikia, kutoona, sigara, pombe kupita kiasi, upweke, majeraha ya kichwa, moshi na hewa chafu, elimu duni utotoni na mengine. Soma tena orodha hiyo. Mengi ya hayo ni kazi ya kufanywa mtu akiwa na miaka 45, si akiwa na 80. Kijana wa bodaboda wa Mikumi anayebeba kofia ngumu kwenye usukani badala ya kuivaa kichwani, hesabu yake imo humo pia.

"Macho mekundu ya bibi kizee ni ishara ya uchawi."

Uongo. Ni moshi.

Mwanamke anayepika kwa kuni jikoni pasipo dirisha kwa miaka 60 macho yake yatakuwa mekundu, kama vile mapafu yake yatakavyokohoa. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo. Bibi mwenye demensia yumo hatarini maradufu: huamka usiku akatembea, huingia nyumba isiyo yake, huongea na marehemu mumewe, na akiulizwa kama yeye ni mchawi anaweza kukubali kwa kuwa hajaelewa swali. Sheria ya Uchawi iliyotungwa tangu mwaka 1928 inalifanya kuwa kosa tendo la kumtaja mtu hovyo kuwa ni mchawi. Atembeaye usiku mfungulie mlango, mshike mkono, mrudishe kwake.

"Zamani watu waliishi miaka 120." "Zamani watu walikufa wakiwa na 40."

Zote mbili uongo, na ajabu ni kwamba husemwa na watu walewale.

Aliyeishi miaka mingi kuliko wote wenye cheti kinachoaminika ni Mfaransa Jeanne Calment, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Huku kwetu vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya wachache, umri ukakadiriwa kwa matukio: alizaliwa baada ya vita vya Mjerumani, aliolewa mwaka wa njaa, alikuwa na mimba siku ya uhuru. Makadirio hayo hupanda kadiri heshima inavyopanda. Mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, hakuna aliyekuwa na hati ya umri wake, na kila mwandishi alikuja na hesabu yake.

Kuhusu 40, huko ni kusoma wastani vibaya. Wakati wa uhuru wastani wa kuishi Tanganyika ulikuwa miaka arobaini na kitu kwa sababu watoto wengi mno walikufa kabla ya kutimiza mitano. Aliyevuka utoto alikuwa na nafasi nzuri ya kuwaona wajukuu. Wazee walikuwepo sikuzote, ndiyo maana kila ukoo una mabaraza, mitambiko na utani wa babu na mjukuu. Mambo hayo hayakuundwa kwa ajili ya watu wasiokuwepo.

"Mzee hana kazi tena, ni mzigo."

Uongo, na hapa Mikumi ina ushahidi ambao sehemu chache duniani zinao.

Kabla ya mwaka 1989, biashara ya pembe za ndovu ilipopigwa marufuku duniani, majangili waliwaua tembo wengi wa Mikumi. Waliwalenga wenye pembe kubwa, na wenye pembe kubwa ndio wakubwa kwa umri. Familia ya tembo huongozwa na jike mzee. Kwa hiyo vilibaki vikundi vya majike vijana visivyo na bibi. Kati ya mwaka 2003 na 2005, Kathleen Gobush, Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, na Samuel Wasser walifuatilia majike 218 katika vikundi 109 ndani ya hifadhi. Hawakuwagusa. Waliokota kinyesi chao na kupima ndani yake homoni inayopanda mnyama akiwa na mfadhaiko, na kwa kinyesi hichohicho wakajua nani ni ndugu wa nani.

Waliyoyakuta, yaliyochapishwa mwaka 2008, yanafaa kusomwa kwenye kila kikao cha ukoo. Majike waliokuwa katika vikundi visivyo na jike mzee, visivyo na ndugu wa karibu wala mshikamano, walikuwa na mfadhaiko mkubwa zaidi. Wale ambao familia zao zilisambaratishwa walizaa kidogo kuliko waliokuwa katika familia kamili, ingawa wengi wao walikuwa katika umri mzuri wa kuzaa. Ujangili mkubwa ulikuwa umekoma zaidi ya miaka kumi kabla. Risasi ziliisha, pengo la bibi likaendelea.

Kinachofanywa na tembo huyo mzee kilionekana Tarangire katika ukame wa mwaka 1993. Ndama 16 kati ya 81 walikufa ndani ya miezi tisa. Vikundi vilivyotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho vilipoteza ndama wachache kuliko kilichobaki ndani, na watafiti waliona kwamba mama mwenye umri mkubwa alikuwa na nafasi bora ya kumvusha ndama wake. Tafsiri yao ni kwamba majike wazee huenda walikuwa hai katika ukame mkubwa wa takribani miaka 35 kabla, wakayajua maji yalipo. Huko kwa jirani zetu wa Kenya, Amboseli, Karen McComb na wenzake waliwapigia tembo sauti za simba zilizorekodiwa. Mwaka 2011 walieleza kwamba makundi yaliyoongozwa na majike wazee zaidi ndiyo yaliyotofautisha vizuri ngurumo ya dume, ambayo ni hatari zaidi, na ya jike.

Tembo huyohuyo, tukumbuke, anazeeka mwili kama sisi. Hupata seti sita za magego maishani; ya sita ikisagika, wakati ambapo huwa amevuka miaka 60, kutafuna kunakuwa taabu na mwisho unakaribia. Meno yanaisha, njia ya maji bado ipo kichwani.

Ukiona wanyama hawatoshi, nenda Ziwa Eyasi. Mwaka 1989 Kristen Hawkes na wenzake waliandika kuhusu bibi wa Kihadza, wanawake waliokwisha kukoma kuzaa, waliokuwa wakichimba mizizi kwa bidii kuliko mabinti zao. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba mama anapokuwa na mtoto mchanga, afya ya yule aliyeachishwa ziwa hutegemea mizizi anayochimba bibi. Wapo wanasayansi wanaosema binadamu anaishi muda mrefu hivi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu ya kazi hiyo hasa. Nadharia hiyo bado inabishaniwa. Lakini kwamba bibi anafanya kazi, habishi mtu: ingia nyumba yoyote ya Kilosa asubuhi, uangalie nani anawavalisha watoto wa shule ambao mama yao yuko Dar es Salaam.

"Mzee anatibiwa bure."

Nusu kweli.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na serikali ilielekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Madirisha ya kuwapisha wazee yapo na yanasaidia. Zingatia hayo maneno "wasio na uwezo": msamaha si wa kila mwenye mvi, unahitaji utambulisho, na utambulisho huanzia serikali ya kijiji au mtaa. Tena kumwona daktari bure si sawa na kupata dawa bure. Nimemwona mzee akitoka dirishani na karatasi ya kwenda kununua dawa ya presha mtaani, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akaelekea kituo cha basi. Hakununua. Kwa upande wa fedha mkononi, Zanzibar wamekwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 na zaidi hupewa pensheni ya kila mwezi bila kuulizwa alifanya kazi wapi. Bara bado, na Bara inapaswa kufika huko.

Kwa hiyo ukiwa na mzee nyumbani, wiki hii mpime presha. Iwe hospitali ya wilaya Kilosa, St. Kizito Mikumi au zahanati ya kijiji, kipimo hicho ni dakika chache. Kama ameanza kuchanganyikiwa, kabla hamjaondoka andika mambo matatu kwenye karatasi: lilianza lini, lilikuja ghafla au polepole, na ni kazi gani aliyokuwa akiiweza mwaka jana ambayo leo haiwezi. Na tia kwenye mfuko mmoja dawa zake zote, za hospitali, za duka na za mizizi, umwonyeshe daktari. Akikwambia "ni uzee tu" bila kumpima, mwombe apime.